Kwenda Masaa Manne, Kurudi Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu. Leo nimemwahidi Bibi wa jirani kwamba atakaa angani masaa manne, bila kuuliza yeyote. Niko kwenye majaribio katika ofisi ya shangazi ya kukata tiketi, na kuuliza naona haya.

Bibi magoti humvimba akikaa sana. Ndiyo maana alikuwa amekataa kwenda ng'ambo kwa binti yake kumwona mjukuu mchanga. Nikatazama ratiba: ndege inapaa saa nne asubuhi, inatua saa nane mchana, siku ileile. Hesabu ya darasa la pili. Bibi akasema kumbe ni hapo tu, na binti yake miaka yote anajifanya yuko mbali. Akanunua. Tiketi yangu ya kwanza!

Jumanne, 4 Machi

Binamu, mtoto wa shangazi, anajiita Meneja ingawa kazi yake ni kutia wino kwenye printa. Anadai ni masaa kumi na mawili. Akaniuliza mbele ya wateja, hiyo, dada, ni ndege au risasi. Wakacheka. Masikio yaliniwaka moto.

Mchana nikapima ramani ya ukutani kwa uzi. Kilomita elfu kumi. Gawanya kwa nne: elfu mbili na mia tano kwa saa. Ndiyo maana tiketi ni ghali. Meneja hilo halioni?

Jumatano, 5 Machi

Uonevu mtupu. Ndege ya kurudi inapaa saa kumi jioni, inatua kesho yake saa sita mchana. Masaa ishirini! Viwanja vilevile, ndege ileile. Nikapigia shirika simu, ujasiri sijui ulitoka wapi, nikalalamika kwamba rubani wa kurudi anazurura. Dada wa simu akaniuliza nina umri gani. Nikakata.

Labda ni zawadi. Watu wakirudi wanabeba mno, ndege inalemewa.

Alhamisi, 6 Machi

Bibi kapaa. Meneja kanichongea. Shangazi akashika chungwa, akalizungusha mbele ya taa, akanieleza polepole: mwanangu, kule kuna saa yao na hapa kuna yetu, na tiketi huandika saa ya kila mahali. Nikaitikia kwa kichwa. Kumbishia mtu mzima ni utovu wa adabu.

Saa nane nikakaa karibu na simu. Kimya. Mpaka tunafunga ofisi, kimya. Nilikuwa nawaza yale magoti tu.

Ijumaa, 7 Machi

Bibi kapiga simu. Miguu imevimba, lakini mjukuu yuko kifuani. Anasema aliposhuka saa ya ukutani ilikuwa nane, kama nilivyomwambia, ila amelishwa mara tatu. Akaniambia, masaa manne yako, mjukuu wangu, yana unene wake.

Nane! Meneja nilimtazama tu.

Kwa kuwa mimi ni mkweli, nikamwambia Bibi kuhusu kurudi. Akaanza kulia. Ishirini hawezi, basi tumsahau. Shangazi kaniongezea wiki ya majaribio, sharti nisiguse ratiba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata dawa. Kwenda upande ule ndege zinawahi, kurudi ndiko zinakochelewa. Basi Bibi asirudi. Aendelee mbele, uelekeo uleule, masaa manne hapa, manne pale, mpaka aizunguke dunia yote na kututokea kwa nyuma. Nimeshampigia simu, amekubali, anafunga mizigo.

Wewe unayesoma, nakuomba: shangazi asijue mpaka Bibi atue.