Yowe Moja Tu la Kweli

Jumatatu, 29 Septemba

London imejibu! Bwana Fairclough, msambazaji wa filamu za kutisha, atazitazama dakika kumi za filamu yangu. Si ahadi, amesema. Kwangu mimi ni ahadi. Sharti lake ni moja: asikie yowe moja la kweli. Yale ya kuigiza yanamletea usingizi.

Filamu yenyewe haina mfano. Wachunguzi wawili wa kanisa wanatumwa kijijini kuchunguza muujiza. Wanajirekodi kwa kamera zao wenyewe. Wanakufa. Kamera zinaokotwa. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba huhitaji mpiga picha. Picha ikitikisika, ni sanaa. Ikiwa giza tupu, sanaa zaidi. Kasisi mchunguzi ni Rupert Vosper, ambaye aliwahi kutangaza supu kwenye televisheni na mpaka leo hajatuacha tusahau. Mwenzake ni dada yangu Hilary, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza.

Hilary naye ana sharti. Amelitoa wakati wa chai, mdomo umejaa biskuti. Fairclough akikataa, kamera zinauzwa, nami naanza kazi katika duka lake la mazulia. Mimi! Nikapime ngazi za watu! Nimemwambia atajuta siku nitakapopita juu ya zulia jekundu. Amesema hilo pia analo dukani, linauzwa kwa mita.

Nimezunguka bustani mara sijui ngapi. Siwezi kukaa.

Jumanne, 30 Septemba

Kanisani. Bi Enid Luscombe, msimamizi wa kanisa na malkia wa zamu ya maua, alitupokea kwa skonzi. Rupert, ambaye ni mtu wa Cornwall, akapaka jamu kwanza halafu krimu. Hapa Devon krimu ndiyo hutangulia, na watu wameacha kusemeshana kwa makosa madogo kuliko hayo. Bi Enid akamsamehe papo hapo, kwa sababu ya ile kola nyeupe ya ukasisi. Mimi nilipodondosha chembe moja, nilipewa ufagio.

Mpango wa leo: nilificha spika chini ya madhabahu bila kuwaambia waigizaji. Hofu ya kweli haina mazoezi! Nikabonyeza. Ukatoka mngurumo wa kuzimu. Rupert akaigeukia kamera kwa uso wake wa supu na kutoa yowe lenye sehemu tatu: mwanzo, kati na mwisho. Hilary akauliza kama ni tumbo langu. Bi Enid akatoka alikokuwa na maua yake, akayapiga teke mabomba ya kupasha kanisa joto, akayaambia, "Tulieni nyie, tuna wageni."

Hakuna yowe.

Alhamisi, 2 Oktoba

Balaa. Kijiji hiki hakina kasisi, yule wa kuazima ana makanisa saba, na Jumapili ni Sikukuu ya Mavuno. Hawezi kuja. Bi Enid amemwomba Rupert aongoze ibada. Nilimkumbusha kwamba Rupert ni mwigizaji. Akasema anajua sana, mwanangu, lakini sauti yake inafika viti vya nyuma, na kola imemkaa. Kusoma sala si lazima uwe kasisi.

Rupert amekubali kabla sijafunga mdomo. Sasa hapatikani. Yuko kwenye makaburi, anawahubiria kondoo wa jirani. Nimemwambia aache upuuzi, tuna filamu. Akaniwekea mkono begani, akaniita mwana mpotevu.

Nilinuna mpaka saa kumi. Halafu likanijia! Jumapili kanisa litajaa. Kijiji kizima, wametulia, hawajui lolote. Nizime taa, nifungulie spika, Rupert na Hilary wawe na kamera zao vifuani. Sihitaji yowe moja. Nitapata yowe la kijiji! Fairclough hatapata usingizi tena.

Jumamosi, 4 Oktoba

Asubuhi yote nimetundika utando wa buibui wa bandia, kona kwa kona, kwenye ngazi inayoyumba. Nikaenda kula. Kurudi, hakuna! Bi Enid kaufagia wote. Nilifoka. Akasema, "Pole, mwanangu. Ulikuwa mzuri sana, ndiyo maana nimeona aibu." Halafu akanitwisha mung'unye mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, nikauweke dirishani pamoja na mingine.

Sikulipiza. Nilitabasamu. Kesho atalia huyu mama.

Jumapili, 5 Oktoba

Nitaandika haraka kabla hasira haijapoa.

Kanisa lilijaa. Mikate, matofaa, mung'unye kila dirisha. Mimi nyuma ya kinanda na vitufe vyangu. Wimbo wa mavuno, ubeti wa pili, nikazima taa. Mngurumo! Kilio cha mwanamke! Kisha sauti nzito, yangu, ikiwaita wanakijiji kwa majina yao.

Hakuna aliyegeuka. Hata mmoja! Hawa ni watu ambao paa likiwaangukia watasubiri sala iishe ndipo wakohoe. Waliongeza sauti tu. Mpiga kinanda akaongeza naye. Nikaita kwa sauti ya shetani jina la mzee Northcott. Akaitika, "Nipo!" na kuendelea kuimba. Rupert, ambaye angalau yeye nilimtegemea, aliinua mikono na kuwashukuru kwa imani yao.

Nikafungua spika mpaka mwisho. Nilikuwa natokwa jasho, nimeinama gizani, natafuta waya, mara kitu baridi, chenye maji, kikanigusa shingoni.

Nilipiga yowe. Siwezi kusema uongo katika shajara yangu mwenyewe. Lilianzia visiginoni, na kiwiko changu kikagonga kitufe cha taa, zikawaka zote.

Ulikuwa mkono wa Bi Enid, umetoka kuosha vikombe. Alikuja kuniuliza, "Desmond, mwanangu, maziwa nikuwekee kwenye chai?"

Na hapo ndipo walipogeuka wote! Wimbo ukakatika. Kanisa zima likanitazama, Rupert na Hilary na kamera zao mbele kabisa. Aibu niliyoisikia sijapata kuisikia. Baadaye, kwenye chai, hakuna aliyelitaja. Walizungumzia mvua.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimetazama picha. Dakika tisa za watu wakiimba vizuri, na moja yangu mimi. Hakuna muda wa kuchagua, Fairclough anazitaka leo. Nimemtumia Fairclough zote kumi kama zilivyo. Hilary amenipa futi ya kupimia, nianze kuizoea mkononi.

Jumatano, 8 Oktoba

Fairclough kapiga simu! Dakika tisa za kwanza alisinzia, kakiri mwenyewe. Ya kumi ilimrusha kitini, kahawa ikamwagika kwenye suruali. Akauliza yule mtu wa nyuma ya kinanda ni nani. Yale macho! Ule mguu! Miaka mingi hajaona woga kama ule. Anataka filamu yote ijengwe juu ya mtu huyo, mengine tuyatupe, na Ijumaa tutie saini.

Hilary alikuwa anasikiliza mlangoni. Alinikumbatia. Alilia, kwa kweli alilia. Akasema, "Desmond, umefaulu, kweli umefaulu," na kunipokonya futi.

Nimeketi na jambo hili mchana kutwa. Nimeitazama dakika ile tena na tena. Mdomo wazi. Mguu mmoja juu. Nimekumbatia kinanda kama mtoto aliyeachwa sokoni. Huyo ndiye mwongozaji? Nani atamheshimu? Halafu hana mafunzo yoyote, inaonekana wazi.

Nimeikata. Mahali pake nimeweka lile yowe la Rupert, lenye sehemu tatu. Filamu sasa imekaa sawa. Nimeituma, na kumwandikia Fairclough kwamba ile kasoro aliyoiona katika dakika ya kumi nimeirekebisha.

Mpaka sasa hajapiga simu. Bila shaka bado anatetemeka.