Jina la Babu Halijachukuliwa

Jumatatu, 4 Agosti
Baridi ya Antsirabe leo imenikata masikio. Nimefika ofisi ya usajili wa kampuni mlango haujafunguliwa. Bi Lantosoa wa dirishani akatafuta kwenye kompyuta: Pipi za Rainivelo. Akapiga chafya. Akasema halijachukuliwa. Moyo ulinidunda! Babu Rainivelo aliuza pipi za mnanaa pale stesheni ya reli, na mpaka leo wazee wa mji huu ukiwatajia jina hilo wanalamba midomo. Akaniambia nitie sahihi tu, jina liwe langu. Nikamwambia asubiri. Jina la marehemu halibebwi hivi hivi. Lazima aombwe Baba Mkubwa Rajaona, ndiye mkubwa wa ukoo. Akasema jina lisiloandikwa halina mwenyewe. Vijana wa siku hizi, basi tu.

Anayepika pipi ni Voahangy, mke wangu. Kichwa cha biashara ni mimi. Kuna hoteli karibu na chemchemi za maji moto inazitaka pipi zake kila wiki, ila kampuni iwe imesajiliwa kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, tarehe kumi na tano. La sivyo watachukua za mtu mwingine. Voahangy amenikumbusha wakati wa kula. Akanikumbusha tena nikinawa. Nimechoka kukumbushwa.

Jumanne, 5 Agosti
Kwetu Jumanne ni mwiko kuanza jambo. Nimelala. Nimelala nikifikiri, na kufikiri nako ni kazi.

Baba Mkubwa ni mgumu. Ukimwomba kavukavu, anakukatalia kavukavu. Mwaka jana, siku tulipowatoa wazee kaburini kuwavika sanda mpya, alininyima hata mwavuli, na mvua ilikuwa ya mawe. Dawa yake ni msemaji. Nitamtuma Mzee Ratsimba, bingwa wa kabary, zile hotuba zetu za jadi, anayewaposea watu wachumba mji mzima. Amsifie babu mpaka Baba Mkubwa alainike, jina alitoe bure. Ujanja huo!

Voahangy kaniuliza kwa nini tusijiite Pipi za Mnanaa, kesho tukamaliza. Nimemwonea huruma. Kuna watu hawana ndoto. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, akarudi kwenye sufuria yake.

Jumatano, 6 Agosti
Ratsimba amekubali. Anataka ada yake, nauli ya riksho kwenda na kurudi, na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Nimemwambia asibanie sifa. Amwambie Baba Mkubwa kwamba jina lile ni mali kuliko ng'ombe. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniuliza tena. Wasanii wana wasiwasi sana.

Jumamosi, 9 Agosti
Mateso matupu. Kumbe Baba Mkubwa naye kaweka msemaji wake, tena shemeji yake Ratsimba. Wamefurahi kuonana! Tumeanza asubuhi. Hadi mchana Ratsimba alikuwa bado anaomba radhi kwa kuthubutu kusimama mbele ya wakubwa. Mwenzake anamsamehe kwa methali. Yeye anashukuru kusamehewa, kwa methali nyingine. Miguu ikafa ganzi. Wali ukapoa. Shangazi mmoja alilala, akaamka, akalala tena.

Alasiri ndipo alipomfikia babu, na hapo sina budi kukiri, machozi yalinitoka. Alisema ng'ombe hufa, shamba la mpunga huchukuliwa na mafuriko, jina jema halizami. Alisema ukoo huu umekalia kisima huku unakufa kiu. Baba Mkubwa akatoa leso. Akasema kwa sauti ya kutetemeka: "Jina hili halitalala nje tena."

Tukala. Ushindi! Njiani Voahangy akaniuliza kama kuna mahali mzee alisema ananipa mimi. Nikamwambia lugha ya wakubwa inataka masikio.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimechelewa kidogo. Baridi, na blanketi lilikuwa limeshanizoea. Bi Lantosoa akatafuta. Limechukuliwa. Nikacheka. Akaigeuza kompyuta nione mwenyewe. Limechukuliwa leo hii asubuhi, na Rajaona. Alikuja na kofia yake ya kanisani, akatia sahihi kabla hata ya kuketi.

Nikamwomba atafute Rainivelo Halisi. Akasema linafanana mno, halikubaliki. Rainivelo wa Kweli. Halikubaliki. Mjukuu wa Rainivelo. Akasema mjukuu huyo akamwone mwenye jina. Jamaa mmoja nyuma yangu akanishauri nijiite Rajaona basi, yaishe, na foleni nzima ikaangua kicheko. Bi Lantosoa akaninong'oneza kwamba Pipi za Mnanaa lipo. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hachagui jina la pipi. Nimeondoka. Nyumbani nimesema kompyuta yao imeharibika.

Jumanne, 12 Agosti
Mwiko ni kuanza jambo. Kugombana hakukatazwi. Nimekwenda kwa Baba Mkubwa nimejaa maneno. Kanipokea kwa furaha, kanimiminia maji ya moto yaliyochemshiwa ukoko wa wali, kanikalisha penye jua. Akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nalo na sijui. Wewe ndiye uliyenifumbua macho." Akaniuliza nilimlipa Ratsimba kiasi gani, maana kila neno lilistahili. Nilikwenda kufoka, nimeishia kumshukuru kwa maji.

Hoteli ameshaongea nayo pia. Ila, akasema huku akitazama dari, kuchemsha sukari hajui. Nikamwacha na dari yake. Jina bila pipi! Mzee kala nyama, kumbe mfupa umemkwama. Atakuja kwangu kwa magoti.

Jumatano, 13 Agosti
Hakuja. Kamtuma Ratsimba. Msemaji wangu mwenyewe! Nikampa kiti kizuri, nikajua radhi yangu imefika. Akanipita. Alikuwa amekuja kwa Voahangy.

Akasimama, akajitengeneza shuka begani, akaanza kuomba radhi kwa kusimama. Voahangy alikuwa na sukari motoni. Akamkatiza: "Mzee wangu, sukari haingoji. Mwambie nimekubali. Sufuria ni zangu, na mshahara wangu anipe mkononi." Ratsimba akabaki mdomo wazi, maskini, hajawahi kumaliza mapema hivyo tangu azaliwe. Ikabidi ale wali wangu apate nguvu.

Alipoondoka nikamuuliza Voahangy, na mimi je? Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema, "Baba Fara, nilikungoja. Nimechoka kungoja." Nimeumia. Nimeumia kweli.

Alhamisi, 14 Agosti
Ameondoka alfajiri na sufuria zake kwenye riksho, kavaa gauni la kanisani. Nyumba haina harufu ya mnanaa. Nimekaa jikoni na Fara, binti yetu, tukala wali mkavu. Aibu ni chakula kizito.

Ndipo likanijia. Mtindi! Bibi yake Voahangy, marehemu Rasoazanany, aliuza mtindi njia nzima ya Betafo, na watu bado wanamtaja. Nimekimbia mpaka ofisini. Bi Lantosoa akatafuta: Mtindi wa Rasoazanany. Halijachukuliwa! Akanisukumia kalamu dirishani, akanitazama kwa macho ya kuniombea. Akaniambia polepole, kama unavyomwambia mgonjwa: "Kaka, tia sahihi."

Nikamwambia asubiri. Jina la marehemu lazima nimwombe mama mkwe, na mama mkwe ni mgumu kumshinda hata Baba Mkubwa. Kosa langu nimeshaliona, sirudii. Nilibania. Msemaji mmoja hatoshi. Safari hii naweka wawili.