Karatasi Tatu za "Leo Hakuna Kitu"

Jumanne, 6 Novemba
Alhamisi Profesa Lanyon ataamua nani afundishe falsafa ya lugha muhula ujao hapa Oxford: mimi au Rosalind Akers. Rosalind anashikilia kwamba sentensi huielewi mpaka ujue nani kaisema, wapi na kwa nini. Upuuzi. Sentensi ina maana yake, uiweke popote. Nina mpango wa kummaliza.

Jumatano, 7 Novemba
Nimeandika karatasi tatu, maneno yaleyale: "Leo hakuna kitu." Kesho asubuhi nazibandika: mlango wa jikoni, dirisha la kuchukulia barua, na mlango wa ukumbi nitakamotoa jioni hotuba yangu ya kuwania kazi, Profesa akisikiliza. Watu wasome, kisha niwaulize wameelewa nini. Jibu litakuwa moja. Nimejizoeza uso wa unyenyekevu mbele ya kioo.

Alhamisi, 8 Novemba
Mchana. Hakuna aliyechukua barua zake. Wala hakuna aliyekuja kula. Mpishi, Bi. Pocock, kanikamata koridoni na mwiko mkononi. "Wewe Thripp, nimepika kondoo tangu alfajiri. Hakuna kitu? Na hiki ni nini?" Nikaanza kumweleza maana halisi ya sentensi. Akasema maana halisi nitaila mwenyewe. Nimekula sahani nne.

Saa kumi jioni. Viti sitini, vitupu. Profesa alifika mlangoni, akasoma, akarudi nyumbani. Aliyeingia ni Rosalind tu. Kasema aliutambua mwandiko wangu, na kwa kuwa ni wangu, akajua lazima kitu kipo. Akaketi mbele kabisa. Nikamsomea kurasa zote kumi na nane. Alicheka mahali pasipo na kichekesho.

Ijumaa, 9 Novemba
Kazi kapewa Rosalind. Mwenyewe ameomba tufundishe wawili, na Profesa amekubali. Anataka somo la kwanza liwe juu ya karatasi zangu. Vizuri, ameanza kuiona hoja yangu. Kosa lilikuwa wino tu, ulikuwa hafifu. Mwekundu ungeeleweka.

Kisha akaniuliza kama kesho nina shughuli. Nikamjibu ninayo, naenda kununua wino mwekundu. Akasema basi atanisindikiza, tukitoka huko tunywe chai. Nimekubali, ingawa simwelewi. Wino anao tele.