Okidi ya Mke Wangu na Vipele Vyake

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya thelathini na sita bila mke wangu. Yuko kwa mama yake, aliyevunjika nyonga. Nyumba imepoa. Hata cherehani inalalamika. Kapiga simu asubuhi, akauliza okidi yake nyeupe ya dirishani inaendeleaje. Mimi? Sikuulizwa! Kisha akasema likichanua ua moja tu, atamwachia mdogo wake kazi ya kumuuguza mama, aje kuliona japo siku mbili. Japo siku mbili! Alipoondoka aliniagiza nisiimwagilie sana, eti inapumzika. Inapumzika nini, ina kazi gani? Nimemwaga kopo zima. Na jingine, kwa usalama.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Mashina matatu yamepukutisha majani yote. Tena yametoa vipele kwenye vifundo. Ugonjwa huo. Nesi mstaafu wa ghorofa ya juu alikuja kuchukua sketi niliyomshonea. Akachungulia, akasema nipunguze maji, mizizi inataka hewa, na mashina yale nisiyaguse kabisa. Wivu tu. Okidi yake ilichanua mwaka jana, mpaka leo hatujapumzika na majigambo yake. Alipotoka tu nikachukua mkasi wa kitambaa. Kacha, kacha, kacha! Nikayatupa kwenye pipa la taka. Mmea sasa umenyooka kama suruali iliyopigwa pasi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwona nesi akiokota mashina yangu pipani. Pensheni imekwisha? Nikacheka, nikageuka kumwonyesha mke wangu. Kiti kitupu.

Jumamosi, 29 Juni
Hakuna ua. Siku ya sitini na mbili. Nimenusa mto wake. Harufu ya mafuta yake ya nywele imekwisha. Nilikaa pale kitandani kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Kisha, wazo! Mabaki ya satini ya gauni la bibi harusi! Nimekata maua saba, katikati nikatia uzi wa manjano, nikayashona kwenye shina kwa mshono wa kuficha. Kazi ya bingwa. Nikapiga picha, nikatuma. Dakika tatu hazikupita, akapiga akilia kwa furaha. Anakuja keshokutwa! Nimecheza mpaka nikajiangushia ubao wa pasi mguuni.

Jumatatu, 1 Julai
Kaja! Hakunikumbatia kwanza. Alikwenda moja kwa moja dirishani, begi bado mkononi. Akainama kunusa. Akasema mshono huu anaujua, uko kwenye nguo zake zote. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikajua nimepona. Kisha akauliza yako wapi mashina yake yasiyo na majani. Nikamweleza habari ya vipele. Akaacha kucheka. Vile vilikuwa vitumba, akasema. Maua hutoka kwenye mashina ya zamani, yaliyobaki uchi.
Hodi mlangoni. Nesi! Amebeba kipande cha gome alichofungia yale mashina matatu ya pipani. Maua manne, meupe kweli. Wakakaa nayo wawili dirishani jioni nzima. Mimi nilipika chai mara tatu, hakuna aliyeinua macho.

Jumatano, 3 Julai
Mke wangu kaondoka na mashina yake. Mlangoni alinishika ukosi wa shati, akaniambia taratibu kwamba ningesema tu nimemkumbuka, angekuja tangu mwezi uliopita. Hayo tu, wala si maua. Nimeelewa. Nimeelewa kabisa! Akipiga simu, nasema.

Alhamisi, 4 Julai
Kapiga. Mama mkwe ameanza kusimama. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, nikasema okidi imetoa vipele vipya. Akauliza kama kuna jingine nataka kumwambia. Nikasema hakuna.
Akasema nitume picha basi.
Okidi haina kipele hata kimoja. Satini imebaki mita moja. Vipele ni rahisi kushona kuliko maua.