Wanataka Tuwe Wengi

Jumanne, 6 Januari

Njama! Nimeinusa. Mama Pacha, anayenisaidia kurekebisha programu yangu ya kupanga ratiba za shule, ameandika kwenye kikundi chetu cha mtandaoni kwamba sasa tuwe na viongozi watatu. Programu ni huria: yeyote anaichukua bure, anaichungulia ndani, analeta marekebisho. Sawa. Lakini wa kuyapitisha ni mimi, mwenye ufunguo, yaani akaunti ya kuingilia na neno lake la siri. Nilijibu kwa upole kwamba nitalitafakari. Akauliza itakuwaje nikiugua, au nikifa. Nikifa! Mama mzima wa mapacha ananipangia mazishi hadharani. Mwalimu wa hisabati, anayetufanyia majaribio, akaweka kidole gumba juu. Kumbe wako pamoja.

Jumatano, 7 Januari

Mke wangu anasema pengine wananionea huruma tu. Nilimuuliza amezungumza nao lini. Akaninunia.

Lakini dawa nimeipata! Wanataka kiongozi mwenza? Nitawapa shemeji, kaka wa mke wangu, muuza magodoro. Kompyuta yake ni ya kutazamia mpira. Atapitisha nitakachomwambia na basi. Nimemkabidhi ufunguo wa pili dukani kwake, tumekaa juu ya godoro ambalo bado lina nailoni.

“Shem, kazi yangu itakuwa nini hasa?”

Kukaa kimya, nikamwambia. Akasema hiyo anaiweza.

Ijumaa, 9 Januari

Haiwezi! Amejitambulisha kwenye kikundi, na duka akalitaja. Anauliza maswali ya kitoto: kitufe hiki cha nini, mbona hakuna maelezo ya mtu kuanzia. Na wanamjibu! Mama Pacha amemwandikia mwongozo mzima. Mwalimu anasema hajawahi kuielewa programu hii kiasi hiki. Mimi niliwaambia siku zote wasome msimbo, yale maandishi ya ndani ya programu, nani alinishukuru? Leo wamemwita “Kiongozi.” Mimi wananiita “wewe.”

Nimebadilisha neno langu la siri asubuhi, na tena mchana, baada ya mke wangu kupita nyuma ya kiti changu na ndoo. Ndoo ya nini saa hizo? Sijaliandika popote. Siachi alama.

Jumapili, 11 Januari

Balaa. Shule zinafunguliwa kesho, na toleo langu jipya linaingiza madarasa mawili kwenye chumba kimoja. Walimu wakuu wanapiga kelele kikundini tangu asubuhi. Kosa nimeliona, ni mstari mmoja tu! Lakini neno la siri limenitoka. Nimejaribu tarehe ya harusi. Nimejaribu lile la zamani, kinyumenyume. Wapi! Nimefungiwa nje ya programu yangu kama mgeni asiyepiga hodi.

Nikampigia shemeji, nikamsihi aingie kwa ufunguo wake. Alikuwa njiani kupeleka godoro.

“Usihangaike, Shem. Mama Pacha ameshamaliza.”

Kwa ufunguo upi?

“Nilimpa wake tangu Alhamisi. Na mwalimu pia. Ufunguo ukibaki mikononi mwa mtu mmoja, si tutakuja kukwama?”

Nilikaa sakafuni. Mke wangu akaniletea maji, akasema la maana ni kwamba watoto watasoma kesho. Hakucheka. Hapo ndipo aliponitia shaka.

Jumanne, 13 Januari

Shule zimefunguliwa, ratiba shwari. Walimu wakuu wameshukuru. Wale watatu wamenirudishia ufunguo wangu. Sasa mimi ni mmoja wa viongozi wanne. Mwalimu ameandika mbele ya wote kwamba bila mimi programu hii isingezaliwa. Nilisoma tena na tena. Nikataka kabisa kuwaandikia asante.

Kisha nikatafakari. Kwa nini “isingezaliwa”? Kwa nini si “isingeishi”?

Nimewaelewa. Lazima niandae mrithi wangu mwenyewe kabla hawajaniletea wao. Awe mwaminifu, asiyependa kuandika kikundini, asiye na mazoea na shemeji. Nimempata! Binti wa dada yangu. Jana nilipokwenda kuwaona alinishika kidole, akakataa kukiachia. Dada anasema hajaanza hata kutambaa.

Vizuri sana. Basi bado hawajamfikia.