Tufani na Radi katika Vita vya Rundo la Matofali

Sogeeni, enyi mabwana na mabibi, mlio na kazi na mlioziacha jikoni zikiungua! Ketini, maana nawaletea habari za vita vikuu vilivyopiganwa uani, baina ya kamba ya kuanikia nguo na tangi la maji, siku ya Jumamosi, mchana kweupe. Nawe ulimi wangu, uliyezoea kuagiza chai na kulalamikia joto, inuka leo unene kama ulimi wa mtu wa maana, walau kwa muda wa kurasa hizi mbili.

Palikuwa na fundi cherehani, bingwa wa pindo, mmiliki wa mikasi mitatu, mtu wa kimo cha kadiri na kitambi cha halali. Watu walimwita Fundi tu, na yeye aliona latosha. Tangu asubuhi hadi alasiri alishona kwenye kibaraza cha nyuma, redio ikinguruma ubavuni mwake kwa sauti aliyoiona ya wastani. Jeshi lake lilikuwa mbwa wawili wa tumbo moja, Tufani na Radi. Majina hayo walipewa siku waliyoletwa, kabla hawajakua, nao hawakukua. Wote wawili walienea ndani ya kapu moja la nguo chafu, na nguo zikabaki humohumo.

Mkewe Fundi alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na mtaa mzima ulimwita Sista. Yeye ndiye aliyeamuru mbwa waletwe, na sababu yake ilikuwa moja. Mwaka uliotangulia, mwizi aliruka ukuta, akaanua suruali nne za wateja kwenye kamba, akazikunja vizuri, akaondoka nazo, ilhali Fundi ameketi hatua kumi na tano kutoka hapo akishona ya tano. "Tutafute mbwa wa kubweka," Sista alisema. Wakaletwa. Ikapita miezi minane, na kila jioni Sista alipotoka kazini aliuliza, "Leo wamebweka?" Naye Fundi, ambaye maishani mwake hakumdanganya mtu hata nusu inchi, alijibu, "Wapi! Hata kukohoa." Sista mwenyewe akiwepo, mbwa walilala fofofo, kama vibarua waliotoka kuchimba mtaro.

Basi hukumu ikapitishwa. Kaka yake Sista, mwenye shamba na pikapu, angefika Jumamosi saa kumi awachukue. Huko shambani hata wakikaa bubu hakuna wa kuwalaumu. Fundi aliitikia kwa kichwa, kiume, akarudi kwenye cherehani yake. Hakusema kwamba Radi hulala juu ya unyayo wake wa kushoto kila anapokanyaga pedali kwa wa kulia. Hakusema kwamba aliwapenda mbwa wale. Shujaa mwenye kitambi ataanzaje kusema maneno kama hayo?

Ikawa saa tisa na nusu. Katika rundo la matofali yaliyobaki tangu ukuta uliporefushwa, adui akachomoza. Shikeni watoto! Alikuja na mikuki elfu mgongoni, pua imechongoka, hatua zake nzito za kutisha. Alikuwa kalunguyeye, yule mnyama wa miiba ambaye, ukimpima kwa uaminifu, hazidi ngumi mbili, na moja ya hizo iwe ya mtoto. Lakini nani atapima kwa uaminifu vita vikiwa vimepamba moto?

Radi alikimbilia kibarazani, akakamata upindo wa suruali ya Fundi kwa meno, akauvuta. Fundi akageuka, akamwona adui, na moyo wake ukaruka. Hii ndiyo fursa! Zilibaki dakika thelathini pikapu ifike, na mbweko mmoja tu ungetosha. Akazima redio, akatwaa rula ya mbao iwe upanga wake, akashuka uwanjani na kanda mbili miguuni.

"Enyi majemadari wangu!" akanena. "Miezi minane mmekula wali wangu pasipo kutoa sauti. Sikuwalaumu, maana mimi nami si mwimbaji. Lakini leo adui amekanyaga ardhi yetu! Bwekeni, wanangu! Bwekeni mara moja tu, nami nitawatetea mbele ya Sista, ingawa mnajua kwamba mbele ya Sista huwa sitetei kitu nikashinda."

Adui, aliposikia hotuba hiyo, alijikunja akawa duara. Radi akasonga mbele kwa ushujaa usio na akili, akamnusa, akachomwa puani, akarudi nyuma hadi chini ya beseni la kufulia. Tufani akamzunguka adui mara tatu kwa mbali, akitumia mbinu ya kivita ya kutomkaribia. Kisha wote wawili wakapanga safu, wakanyoosha shingo, wakafungua vinywa, wakavifumba, wakavifungua tena. Fundi akatega sikio. Kilichomfikia kilikuwa chembamba mno, kama bawaba ya mlango inayolia nyumba ya tatu.

"Mnapiga miayo?" akang'aka. "Mbele ya adui?"

Hapo juu ya ukuta kikatokeza kichwa cha jirani, mwalimu mstaafu, vidole vyake viwili vimeziba masikio, tena mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Salama tu, Mwalimu!" Fundi akampungia rula.

Kichwa kikatoweka. Punde Mwalimu akaingia kwa mlango wa uani, kanga mabegani, akaja kusimama mbele ya uso wa Fundi.

"Sijaja kusalimiana, Fundi. Miezi minane nakuomba pale ukutani, wanyamazishe hawa mbwa. Ndege akitua wanabweka, jani likianguka wanabweka. Mimi nakwambia kichwa kinapasuka, wewe unanipungia mkono, salama tu, salama tu! Mpaka nikaacha kumsalimia hata mkeo, nikajua nyumba nzima mna dharau."

"Hawa? Wanabweka?"

"Hata sasa hivi wanabweka! Huoni?"

Aliona. Akachutama, magoti yakilalamika, akaweka vidole viwili kwenye koo la Tufani. Koo lilikuwa linatetemeka kwa nguvu, kama cherehani iliyo mbioni. Hapo ile habari ikamwingia Fundi polepole: mwizi wa suruali, redio, wateja waliosema anawapigia kelele. Mara tatu Sista alimwambia waende wakapime masikio, na mara tatu alijibu kwamba masikio yake ni mazima, ni watu wa siku hizi ndio wanaonong'ona.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema, akagusa sikio lake. "Haikuwa dharau."

Mwalimu alimtazama, hasira zikamwishia, akaenda kutafuta dawa ya kichwa. Adui naye, alipoona mazungumzo yamekuwa ya watu wazima, akajikunjua na kurejea matofalini bila haraka. Tufani na Radi wakajihesabia ushindi, wakajibwaga chini ya meza ya cherehani, hoi.

Saa kumi kamili pikapu ikaingia. Sista akateremka akiwa bado na sare ya kazi. Shemeji akafuata na kamba mbili mkononi. Mbwa, waliomjua vyema, walitikisa mikia bila hata kuinuka.

"Na leo pia kimya?" Sista akauliza.

Enyi wasikilizaji, hapa ndipo vita vilipo. Vile vya miiba vilikuwa mchezo. Angesema "kimya", mbwa wangepanda pikapu na heshima yake ingebaki nzima kama suti isiyovaliwa. Fundi akaitupa rula.

"Wamebweka," akasema. "Leo, na jana, na miezi minane yote. Muulize Mwalimu. Shemeji, rudisha kamba zako garini. Mbovu si mbwa, ni masikio yangu. La kushoto limekwisha, na la kulia linaaga."

Sista hakucheka. "Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Labda kabla."

"Kwa hiyo nikikusemesha umenipa mgongo..."

"Sisikii kitu, mke wangu."

Sista akaketi juu ya rundo la matofali. "Miaka miwili," akasema. "Uliposema masikio ni mazima, nilidhani umenichoka."

Shemeji akagundua ghafla kwamba magurudumu ya pikapu yake yanahitaji kukaguliwa, tena yale ya upande wa pili.

Kisha Sista akainuka, akamshika Fundi kidevu jinsi anavyowashika watoto wodini, akausogeza uso wa mumewe mbele ya wake. "Ile siku ya kwanza nilipovaa gauni la buluu ulilonishonea, nilisimama mlangoni nikakwambia hakuna nguo iliyowahi kunipendeza vile. Ukaendelea kushona. Nikalivua."

"Mimi niliona hulivai tena," Fundi akajibu, "nikajua nimelikosea. Mabega, nikasema, nimeyakosea mabega."

"Mabega yako sawa."

"Kweli?"

"Yako sawa, nimesema. Na Jumatatu tunakwenda kupimwa."

"Tunakwenda."

Basi waandishi wa historia wanoe kalamu, na wapiga mbiu wapande juu ya matangi ya maji! Iandikwe kwamba kalunguyeye alirejea kwake salama, bila jeraha wala habari ya lolote. Iandikwe kwamba pikapu ilitoka tupu, na kwamba Radi alipakwa mafuta puani kwa heshima zote za kijeshi. Na iandikwe kwa wino usiofutika kwamba Jumamosi hiyo, saa kumi na robo, uani, mke alimsemesha mumewe, naye akajibu.