Nilivyozikamata Poti Zote

Jumatatu, 3 Machi
Alhamisi naonyesha mwongozo wa mashine zetu, ule wa kusomwa kwenye kompyuta, mbele ya bosi. Ukifunguka, naajiriwa rasmi. Usipofunguka, mkataba wangu wa muda ndiyo basi tena, na mke wangu ameshawatangazia ndugu. Leo nimeuwasha kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, ile tunayotumia wote. Umegoma. Ati poti 8000 inatumika. Poti ni kama mlango wenye namba: programu moja ikishaukalia, nyingine haipiti. Na aliyeukalia? Shemeji, kaka wa mke wangu, meza ya pili. Kajaribu kazi yake, kaiacha inawaka, kaenda kunywa chai. Nimemuuliza kwa upole. Akasema ataizima, nisiwe na presha. Mimi na presha wapi na wapi.

Jumatano, 5 Machi
Nimempatia dawa yake. Wote walipotoka, nimewasha programu tupu kwenye poti 8000, 8001, 8002, hivyo hivyo mpaka 8020. Zote zangu. Tuone kesho Shemeji atapitia wapi. Nimekula chakula cha jioni kwa raha zangu.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu gani hii. Bosi kaketi, skrini inawaka, nauwasha mwongozo. Poti 8000 inatumika. 8001 inatumika. Nikamkazia macho Shemeji. Bosi akaniambia nitazame ni nani kazishika. Nikatazama. Jina langu, kutoka juu mpaka chini. Shemeji hakucheka. Akasogea, akauwasha mwongozo kwenye poti 9000, ukafunguka, kisha akamweleza bosi kwamba nilikuwa napima kama kompyuta itahimili programu nyingi kwa mpigo. Bosi akanisifu kwa kuona mbali. Nimeajiriwa! Nimeingia chooni nikalia kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Mungu ambariki Shemeji. Nimemfulia hadi mazulia, mke wangu anauliza nimepatwa na nini. Sijui nimshukuruje mtu aliyenifichia aibu namna ile. Kesho ni zamu yake kuonyesha kazi mbele ya bosi, naye anautaka ukuu wa kitengo kwa udi na uvumba. Mtu kama huyo hafai kuhangaishwa. Basi jioni hii nimepita ofisini nikamshikia poti zote, za elfu nane na za elfu tisa, asije mtu akamwingilia. Kesho nina ruhusa. Simu nimezima, nipumzike. Sijamwambia kitu, nataka ashtukie tu.